Daftari lisilo na doa la mafuta

Daftari lilikuwa safi mno. Mwanamke anayekaanga mahamri mia nne kila alfajiri msimu wa wageni, mikono yake haikauki unga na mafuta, ananiwekea mbele daftari la hesabu la miezi mitatu ambalo halina hata alama ya kidole. Kalamu moja ya bluu, mwandiko mmoja, mkono haujachoka popote wala haujafanya haraka popote. Na faida ya Mei ilikuwa sawasawa na ya Februari, shilingi 1,500 kwa siku, kana kwamba mwaka ule upepo wa kusi haukuvuma na nyumba za wageni za kijiji cha Shela hazikufunga madirisha.

Nikajua limeandikwa usiku mmoja. Nililojua siku ile ni hilo tu. Ilinichukua karibu wiki tatu kuelewa kwa nini limeandikwa, na sababu nilikuwa nimetembea nayo kwenye mkoba wangu muda wote, imepigwa chapa na kutiwa sahihi.

Kisa hiki nakiandika kwa idhini yake. Nimegeuza mambo mawili matatu ambayo jirani angemtambua nayo, ingawa Amu, yaani Lamu, mji ni mdogo na kugeuza huko kuna mwisho. Nitamwita Mama, kama nilivyokuwa nikimwita. Taasisi iliyonilipa siitaji.

Nani analipa, nani anasikia

Mimi ni mtu wa Malindi. Kazi yangu ni kukaa na wenye biashara ndogo, mmoja mmoja, na kuwauliza maswali mpaka waione njia wenyewe. Wenye kazi hii hujiita makocha wa biashara, jina ambalo Amu halijanifaa hata siku moja: kila nikijitambulisha naulizwa nafundisha timu gani. Mama aliwaambia majirani mimi ni "yule mwalimu wa hesabu", nikaliacha lipite.

Taasisi inayokopesha wanawake wa biashara ya chakula ilinipa wateja sita Amu, vikao kumi kila mmoja, kimoja kila wiki mbili. Mteja halipi kitu. Naandikiwa malipo yangu na taasisi. Mkopo haukuwa na riba, na hilo ndilo lililowatoa wanawake wengi majumbani kuja kujiandikisha. Mama alipokea shilingi 120,000 mwezi wa Februari za kununulia oveni ya gesi, alipe 10,000 kila mwezi. Awamu ya pili ingekuja baada ya miezi sita, hesabu zake zikisomeka. Vikao vyetu vilianza mwisho wa Machi.

Kazi ya namna hii ina watu watatu, hata kama mnaokaa kitako ni wawili. Hili si geni kwa wenye kazi. ICF, shirikisho la kimataifa la makocha lililoanzishwa mwaka 1995, linataka katika kanuni zake za maadili kwamba kocha, mteja na anayelipa waelewane tangu mwanzo nani atapata habari zipi. Nilikuwa nimeisoma kanuni hiyo. Zaidi ya hapo, nilikuwa nimewafundisha wengine, nimesimama mbele ya ubao na kalamu ya wino mwekundu.

Halafu siku ya kwanza, nikamwona Mama anasita kujibu swali jepesi tu la ameanza lini biashara, nikamwambia: "Usiwe na wasiwasi, Mama. Yatakayosemwa hapa yanabaki hapa."

Sentensi tamu hiyo. Hutoka mdomoni yenyewe, kama "karibu tena" ya mwenye duka. Mkataba wangu na taasisi ulinitaka kila mwezi nipeleke taarifa ya maendeleo ya mteja na vikwazo vyake. Mama naye alikuwa ametia sahihi karatasi ya kuruhusu hilo, kurasa nne za Kiingereza, siku ile ile ya kupokea pesa, watu wamepanga foleni nyuma yake. Mama husoma Kiarabu na Kiswahili. Jioni huwasomesha watoto wa mtaa juzuu.

Daka, tekani, kiwanda

Asiyeijua nyumba ya mawe ya Amu hatakielewa kisa hiki vizuri, kwa hivyo tuingie kidogo. Nje ya mlango kuna daka, na baraza zake za mawe huku na huku. Hapo anakaa mgeni yeyote, na wapita njia wanasalimia. Ukivuka mlango unaingia tekani, ambayo imepindwa makusudi ili jicho la njiani lisifike mbali. Mbele yake kiwanda, uwanja ulio wazi kwa juu. Kisha misana, vyumba virefu vinavyofunguka kiwandani, na mwisho kabisa ndani, pa wenyewe, pamoja na zidaka zake zilizochongwa ukutani kwa chokaa.

Kikao cha kwanza tulikaa daka. Cha pili mvua ilitukimbiza tekani. Cha tatu nilikaribishwa kiwandani, karai bado la moto, harufu ya iliki imetanda, na msichana anayemsaidia akaambiwa aende zake. Mimi niliona kiti kizuri zaidi na kivuli. Sikuona zaidi ya hapo.

Ni kiwandani siku ile aliponiambia, akiliangalia karai badala yangu: "Nilikuwa na kideni cha simu. Lakini kishakwisha."

Nikaitikia kwa kichwa, nikauliza swali lililofuata. Mwisho wa mwezi, kwenye taarifa, pale penye kisanduku cha vikwazo, nikaandika kwamba mteja aliwahi kuchukua mikopo ya simu na huenda hali hiyo ikabana mtaji. Wallahi niliandika kwa kumtakia heri. Nilidhani taasisi ikijua itampunguzia mwendo.

Afisa wa mikopo ni kijana wa mji na ana ujamaa na marehemu mume wake Mama. Akampigia simu jioni moja baada ya Alasiri, kwa adabu zote: "Bibi, nasikia habari za mikopo ya simu. Mbona hukutwambia?"

Kwa mtu wa mji mwingine huenda hilo lingekuwa swali la kawaida. Lakini mkopo wa simu una ada, na ada hiyo wengi wa wanazuoni wanaiona ni riba iliyovaa kanzu nyingine. Mama anaishi Amu, mji wa Msikiti wa Riyadha, mji ambao mfungo sita wageni huja kutoka pembe zote kusoma Maulidi. Watoto wa watu wanaletwa kwake wajue Qur'ani. Deni la shilingi elfu kadhaa lingemuuma kidogo. Kujulikana kwa jamaa ya mumewe kwamba alikula riba kulimuuma mpaka kwenye mifupa. Na aliyeyajua maneno hayo alikuwa mtu mmoja tu.

Baadaye aliniambia alichokisema peke yake alipokata simu: kikulacho ki nguoni mwako.

Kikao cha nne nilimkuta amekwisha tandika mkeka daka. Chai ipo, mahamri yapo, daftari safi lipo. Wapita njia wanasalimia, naye anaitikia kila salamu kwa urefu wake wote. Nikadhani ni joto la ndani.

Nilivyozidisha

Nililifungua daftari, nikaliona kama nilivyoeleza, na badala ya kunyamaza nikasema: "Mama, hili umeliandika jana?"

Nilikuwa na haki ya kuona. Haki ya kusema vile, palepale barazani, mbele ya mji, sikuwa nayo. Akaniangalia kitambo. "Chai yako inapoa, mwanangu." Kikao kikaishia hapo, ingawa tulikaa nusu saa nyingine tukizungumza bei ya nazi.

Nikarudi Malindi nimekasirika. Nilijiambia maneno ambayo makocha hujiambia: mteja hayuko tayari, mteja anajidanganya mwenyewe. Kikao kilichofuata nikaenda na vitu viwili. Cha kwanza ni karatasi nzuri ya kuandikia hesabu niliyoichora mimi, mistari yake, rangi zake. Cha pili ni kilo ya korosho za Kilifi. Karatasi aliisifu, akaikunja, akaiweka chini ya sinia. Korosho alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akawaita watoto wa jirani akawagawia zote mbele ya macho yangu.

Mwaka 1995 watafiti watatu, Mayer, Davis na Schoorman, walipoandika juu ya imani makazini, waliigawa mafungu matatu: tunamwamini mtu kwa uwezo wake, kwa nia yake njema, na kwa uadilifu wake, yaani maneno na vitendo vyake kwenda njia moja. Nilikuwa naujua mgawo huo kwa moyo, na bado angalia nilichofanya. Karatasi yenye rangi ilikuwa ya kumwonyesha uwezo. Korosho zilikuwa za kumwonyesha nia njema. Mama hakuwa na shaka na lolote kati ya hayo mawili. Ufa ulikuwa kwenye fungu la tatu, nami naziba dirisha wakati paa linavuja.

Nina mwenzangu Malindi, mzee aliyestaafu kazi ya kukagua vyama vya ushirika, ambaye visa vikinishinda humweleza bila ya kutaja jina la mtu wala mtaa. Nilipomsimulia daftari hakushangaa hata kidogo. Maishani mwake ameona madaftari safi kuliko hilo.

"Daftari la uongo huandikiwa msomaji," akasema. "Msomaji wake nani?"

"Mimi."

"Wewe unamdai?"

"La."

"Unaweza kumnyima kitu?"

"La."

"Basi si wewe. Lete mkataba."

Nikautoa. Akashusha miwani, akapita kifungu baada ya kifungu, mpaka kile cha taarifa ya kila mwezi, akaweka kidole hapo na kunywa kahawa yake. Halafu akaniuliza swali ambalo mimi sikujiuliza kwa wiki tatu nzima: mwezi uliopita niliandika nini?

Kukiri kabla ya kuulizwa

Basi la Mokowe huondoka mapema. Garsen, Witu, Hindi, vizuizi vya njiani vya kushuka na kuonyesha kitambulisho, kisha boti ya kuvukia Amu. Njia ndefu vile ni nzuri kwa mtu mwenye kesi, maana kila utetezi anaoutunga unaonekana mbovu kabla hajafika Witu. Mimi nilikuwa na maneno matatu ya kujitetea. Karatasi aliitia sahihi mwenyewe. Niliandika kwa nia njema. Afisa ndiye aliyekosa kwa kumpigia simu vile. Yote kweli, na hakuna hata moja lililokuwa na kazi pale nilipokuwa naenda.

Mama alikuwa ametandika daka. Nikamwomba tuingie pasiposikika njiani. "Maneno ni yangu leo, Mama, si yako. Nayaonea haya mimi." Akafikiri. "Ndoo," akasema, yaani njoo kwa Kiamu chake, na tukaishia tekani, tumesimama.

Nikatoa karatasi tatu: mkataba wangu, ile aliyotia sahihi yeye, na taarifa yangu ya mwezi. Nikamsomea kifungu kwa Kiswahili. Nikamsomea sentensi yangu, neno kwa neno, kama nilivyoiandika. Nikasema: "Siku ya kwanza nilikwambia maneno hayatoki. Sikuwa na uwezo wa kukuahidi hivyo, na nilikuwa najua. Halafu nikayatoa. Afisa alilijua kwangu."

Na nikanyamaza. Kunyamaza kule ndiko kugumu kuliko yote niliyowahi kufanya katika kazi hii. Nilikuwa na "lakini" imenijaa mdomoni. Ukiomba radhi kisha ukatia "lakini", umemwomba mwenzako akuombe radhi wewe. Sikumwomba anisamehe, kwa sababu hilo nalo ni mzigo unamtwika. Daftari sikuligusia kabisa.

Akaichukua ile taarifa, akaiangalia ingawa ni ya Kiingereza, akatafuta jina lake kwa kidole mpaka akalipata.

"Maneno ni amana," akasema. Kisha baada ya muda: "Kwa hivyo lile daftari la usiku tumeliandika wote wawili."

Sikuwa na jawabu. Akaniambia niende, atanipigia. Nilidhani nimempoteza. Na ingekuwa haki yake.

Hapa nataka kusema kitu kuhusu ile karatasi ya Kiingereza, kwa sababu najua wenzangu wengi wanazo mikobani. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na ndani yake mtu ana haki ya kuelezwa habari zake zinachukuliwa kwa kazi gani na zitamfikia nani. Kueleza ni kumfanya mtu ajue. Kurasa nne kwa lugha asiyoisoma, kwenye foleni, pesa ziko mezani, hapo hakuna aliyeelezwa kitu. Tuna sahihi tu. Na mteja akija kugundua maana ya sahihi yake kupitia simu ya afisa, usitarajie kwamba atakutofautisha wewe na waliompa kalamu.

Alinipigia siku ya tisa. "Uje. Uje na kalamu yako."

Msanani

Siku hiyo tulipita daka, tukapita tekani, tukavuka kiwanda, akanikalisha msanani. Kabla ya jambo lolote tukaandika makubaliano mapya. Aliandika yeye, kwa mkono wake, ukurasa mmoja wa Kiswahili, na mimi nikatia sahihi chini kwanza.

Yatakayokwenda kwa taasisi: tumekutana au hatukukutana, tunashughulikia nini kwa ujumla, na tarakimu ambazo yeye mwenyewe amezikubali. Taarifa nitamsomea kwa Kiswahili kabla ya kuituma, naye ana ruhusa ya kukata. Yatakayobaki: mengine yote, pamoja na habari za jamaa, za watoto, za nani anamdai nani. Na yapo ambayo siwezi kuyaficha hata akiniomba: uhai wa mtu ukiwa hatarini, au mahakama ikiamuru. Hili la mwisho nilidhani litamtisha. Kinyume chake, ndipo alipokaa vizuri. Aliniambia baadaye kwamba mtu anayekwambia siri zako zote atazificha ni mjinga au mwongo, na yeye hakujua mimi ni yupi.

Akaongeza mawili ambayo nisingeyafikiria. Nisimtumie ujumbe wa sauti, kwa kuwa mjukuu wake ndiye mwenye simu mchana na huufungulia nyumba nzima isikie. Na tukikutana uwanjani Mkunguni au sokoni nimsalimie kama mtu wa kawaida, nisiulize biashara. Kanuni zetu za kitaalamu zina kurasa na kurasa za usiri, lakini hakuna mahali zinapomtaja mjukuu.

Ndipo akainuka, akaingia ndani, nikasikia kopo linasogezwa kwenye zidaka. Akarudi na daftari jingine.

Hilo ndilo lilikuwa daftari. Karatasi zimenywa mafuta mpaka maandishi ya nyuma yanaonekana mbele. Unga umeganda kwenye mshono. Wino wa aina nne, na mahali pengine penseli ya mtoto. Kurasa za Mei zimejaa herufi ndogo zilizobanana, za mtu anayehesabu usiku akiwa amechoka.

Tuliichukua siku moja njema ya Februari. Mahamri 400 kwa shilingi kumi, 4,000. Unga 1,020. Mafuta 500. Sukari 300. Nazi nane, 320. Hamira na iliki 150. Gesi na makaa 350. Msichana 500. Boti ya Shela kwenda na kurudi, 300. Jumla 3,440. Zinabaki 560, na hapo yeye mwenyewe aliyeamka saa kumi za usiku hajajilipa kitu. Daftari safi lilisema 1,500. Mei mahamri yalishuka mpaka 220 siku nyingine, huku msichana ni yule yule na nauli ya boti ni ile ile. Zipo siku alifanya kazi bure, na zipo siku mbili tatu alizolipia ili afanye kazi.

Basi zile 10,000 za kila mwezi zilitoka wapi?

Hili sikumuuliza. Alilifikia yeye, kidole chake kikiwa juu ya ukurasa wa Aprili. Kilikuwa hivi: karo ya binti wa mwisho aliye chuoni Mombasa ilimfanya akope simu mwaka jana. Deni likakua. Mkopo wa taasisi ulipokuja, akanunua oveni kuukuu ya mtu kwa 72,000, na zile 48,000 akaenda kujitoa nazo kwenye riba. Ndiyo maana alisema kishakwisha. Siku aliyoyasema ilikuwa kweli. Kusi ikaingia, wageni wakaondoka, na marejesho ya Aprili na Mei akayalipa kwa kukopa simu tena.

Taasisi ilikuwa inaamini kwamba kwenye nyumba ile kuna oveni mpya ya 120,000.

Amana ya upande wa pili

Hapa wenzangu niliowasimulia wamegawanyika. Wapo wanaosema kazi yangu ilikuwa imekwisha: mteja amesema kweli, yamebaki yao. Wapo wanaosema anayelipa ana haki ya kujua, niandike. Mimi sikuona la kwanza wala la pili. Kuandika nyuma ya mgongo wake kungekuwa kosa lile lile kwa mara ya pili, na safari hii kwa makusudi. Lakini kutuma taarifa iliyo kimya kuhusu oveni, nikijua kimya changu kitasomwa kuwa oveni ni mpya, ni kuandika daftari safi kwa mkono wangu.

Nikamwambia vile vile. "Mama, sitasema. Na sitaandika uongo. Taarifa ya mwezi huu pale penye oveni nitapaacha wazi, nawe unajua wakiona pako wazi watauliza. Una wiki mbili. Ukitaka kwenda kuwaambia mwenyewe, nitakusindikiza. Ukitaka nisimame kuwa kocha wako, nalo pia naliheshimu."

Alikasirika, na sitaki kulipamba. Aliniuliza kama haya ndiyo niliyomtoa daka kuja kuyasikia msanani. Tuliagana kwa salamu fupi.

Akaenda siku ya kumi na moja, bila ya kuniambia, na kaka yake mkubwa. Niliyoyasikia ni yale aliyonieleza yeye: kwamba afisa aliona haya kuliko yeye, kwamba walimtaka aandike barua, kwamba barua aliiandika kwa Kiswahili na wakaipokea. Marejesho yalishushwa kutoka 10,000 hadi 6,000 kwa mwezi. Awamu ya pili hakupewa, wala hatapewa. Nami taasisi iliniandikia kwamba kuanzia sasa taarifa zangu ziwe na maelezo kamili zaidi. Nikajibu kwa kuwapelekea nakala ya ule ukurasa mmoja wa Kiswahili na kuwaomba wautumie kwa wateja wote sita. Wameukubali kwa wawili.

Biashara yenyewe niipitie haraka, maana haikuwa na muujiza. Alisimamisha kupeleka Shela kwa yeyote anayelipa mwisho wa mwezi. Anayetaka alipe asubuhi, na mahamri yasipungue mia moja kwa safari. Wawili walikataa, mmoja akakubali. Kusi yote hakumlipa mtu wa boti bila sababu. Deni la simu alilimaliza Septemba, na mara hii hakunitajia. Nililiona daftarini, limechorwa mstari na pembeni neno moja la Kiarabu, alhamdulillahi.

Kikao cha kumi nilimsomea taarifa ya mwisho, msanani, kama kawaida yetu. Karai lilikuwa kiwandani na mkono wake una mafuta. Nilikuwa nimeandika, kwa kujifurahisha kidogo nafsi yangu, kwamba kati ya kocha na mteja sasa kuna imani kikamilifu.

Akaomba kalamu. Akalikata neno "kikamilifu", akaacha alama ya kidole cha mafuta pembeni, akanirudishia karatasi.

"Haya," akasema. "Sasa tuma."